Kimbunga Kimepiga Karibi na Ndugu Yako Yuko Huko: Namna ya Kupata Habari na Kufikisha Msaada Ukiwa Mbeya au Iringa

Kutoka Mbeya hadi Jamaica ni zaidi ya kilomita 12,000, lakini wapo watu wetu huko. Kuna vijana waliokwenda Cuba kusomea udaktari, kuna wanaofanya kazi kwenye meli za watalii, kuna waliooa au kuolewa visiwani. Tena kuna undugu wa kanisa: Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 ni wa kanisa lile lile lililoanza kazi kwenye kisiwa cha St. Thomas, huko huko Karibi, mwaka 1732 na Jamaica mwaka 1754. Kimbunga Melissa kilipoingia Jamaica tarehe 28 Oktoba 2025, huko ilikuwa mchana, huku kwetu saa mbili usiku, watu wamekaa sebuleni wanasubiri taarifa ya habari. Aliyekuwa na mtu wake upande ule alianza kupiga simu hapo hapo, na simu haikupokelewa.

Maelekezo haya ni kwa ajili ya mtu huyo. Kabla ya mengine yote shika hili: simu isiyopatikana baada ya kimbunga inakupa habari za mnara, haikupi habari za mtu. Ukilielewa hilo vizuri utaacha kulia mbele ya skrini na utaanza kutafuta kwa mpangilio.

Kwanza, ni kisiwa gani na sehemu gani ya kisiwa

Hapa ndipo wengi hupoteza siku tatu za mwanzo. Majina ya Karibi yanafanana mno. Dominica ni nchi moja, Jamhuri ya Dominika ni nyingine kabisa, na kati yao kuna mamia ya kilomita za bahari. Kingston ni mji mkuu wa Jamaica, Kingstown ni mji mkuu wa St. Vincent na Grenadines. Kisiwa cha St. Martin kimegawanyika, upande mmoja uko chini ya Ufaransa, mwingine chini ya Uholanzi, kwa hiyo hata ofisi za kuuliza ni mbili tofauti.

Ukishajua nchi, tafuta parishi. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza huko zimegawanywa kwa parishi. Zichukulie kama wilaya zetu. Jamaica ina 14, Barbados 11, Dominica 10. Lakini parishi inayoitwa St. George ipo Grenada, ipo Barbados, ipo Dominica, ipo Antigua, ipo St. Vincent. Ukimwambia mtu wa kutafuta "yuko St. George" hujamwambia kitu. Andika kwenye karatasi: nchi, kisiwa, parishi, mji au kijiji, mtaa, jina la shule au kiwanda au kanisa lililo karibu. Hilo la mwisho lina thamani kubwa, kwa sababu baada ya kimbunga watu huelekezana kwa majengo yaliyobaki yamesimama.

Sababu ya kung'ang'ania undani huo ni kwamba sehemu ya kimbunga yenye upepo mkali kupita zote, ile pete inayozunguka jicho lake, ni nyembamba. Melissa kiliingia Jamaica kikiwa cha daraja la 5, upepo wa kilomita 295 kwa saa, kikaiponda sehemu ya magharibi: Westmoreland, St. Elizabeth na jirani zake. Kingston, upande wa mashariki, iliponea kwa sehemu kubwa. Mwaka 2017 kimbunga Irma kilipita juu ya Barbuda, na watu wote wa kisiwa hicho wakahamishiwa Antigua, ambayo ni nchi ile ile na haikuumia sana. Julai 2024 Beryl kiliharibu Carriacou, lakini kisiwa kikubwa cha Grenada hakikupata kipigo cha namna hiyo. Kwa hiyo ukisikia redioni "Grenada imeharibiwa" au "Antigua na Barbuda", usikate tamaa wala usishushe pumzi. Uliza kisiwa, kisha uliza parishi.

Msimu rasmi wa vimbunga huko ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Ramani na taarifa za kuaminika hutolewa na kituo cha vimbunga cha Marekani kilichoko Miami, kwenye tovuti ya nhc.noaa.gov. Taarifa kamili hutoka kila baada ya saa sita, na kwa saa zetu hiyo ni saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kimbunga kikikaribia nchi kavu huongezwa nyingine katikati: saa tatu na saa tisa, mchana na usiku. Hakuna haja ya kufungua simu kila dakika tano. Hakuna kipya kitakachokuwa kimeandikwa. Kumbuka pia kwamba daraja la 1 hadi la 5 hupima upepo peke yake. Kimbunga cha daraja la 1 chenye mvua ya siku mbili kinaweza kuua wengi kwa mafuriko na maporomoko kuliko cha daraja la 4 kinachopita haraka, na aliyeona mteremko wa Rungwe ukishuka baada ya mvua ya wiki nzima anajua maji yanafanya nini kwenye udongo wa mlimani.

Kwa nini simu inapatikana leo, kesho inakata

Mnara wa simu ukikosa umeme huishi kwa betri, na betri ni za saa chache. Kama mnara una jenereta, jenereta hushika mpaka dizeli iishe. Barabara zikizibwa na miti na nguzo, gari la dizeli halifiki. Ndiyo maana mara nyingi unaweza kuongea na mtu kimbunga kikiwa kinapita, akakwambia yuko salama, kisha siku ya pili au ya tatu anapotea kabisa. Familia hushtuka: "Jana alikuwa mzima, leo hapatikani, kuna jambo." Jambo lenyewe mara nyingi ni dizeli. Watu wa Makete na Ileje wanaijua hali hii wakati wa masika, umeme ukikatika siku mbili na mtandao ukaanza kuyumba. Kule ni hivyo hivyo, ila kwa nchi nzima na kwa wiki kadhaa. Kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, asilimia 95 hivi ya minara ya simu ilizima.

Tatizo la pili ni msongamano. Minara michache iliyobaki inabeba watu wote, na simu ya sauti inashikilia njia muda wote mnaoongea. Ujumbe mfupi wa maandishi hupita kwa sekunde, na usipopita husubiri kwenye mtambo na kujaribiwa tena na tena. Kwa hiyo tuma ujumbe, acha kupiga. Na unapopiga kutoka huku, ile sauti ya "mteja hapatikani" inaweza kuwa imetoka kwenye mtandao wako mwenyewe hapa nchini kwa sababu njia ya kimataifa imejaa. Usiisome kama jibu kutoka Jamaica.

Namba nazo zina makosa yake. Visiwa vingi viko chini ya namba ya Marekani: Jamaica ni +1 876 au +1 658, Grenada +1 473, Dominica +1 767, Antigua na Barbuda +1 268, St. Vincent +1 784. Haiti ni +509 na Cuba +53. Anza na alama ya kujumlisha na ile 1; mtu akiandika +876 hafiki popote. Kisha uwe mwangalifu na kinyume chake: ukikuta simu iliyokosa kupokelewa kutoka namba usiyoijua ya +1 473 au +1 876, usiipigie. Ni ulaghai wa zamani wa kukukata salio kwa simu ya bei kubwa, na siku za kimbunga huwanasa watu wenye mtu huko kwa urahisi zaidi.

Ujumbe wenyewe uandikwe hivi

Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukiweka kijipicha cha uso unaolia, uwezo unashuka hadi herufi 70 na ujumbe hukatwa vipande viwili au vitatu, kila kipande kikisafiri peke yake. Kwa hiyo usiweke vijipicha. Aliye huko ana chaji ya asilimia chache na amesimama kwenye kilima anatafuta mtandao, mvua inamnyeshea. Muulize swali linalojibika kwa kidole kimoja:

"Tusajigwe, huku tuko salama. Jibu kwa namba: 1 mzima, 2 umeumia, 3 huna pa kulala. Andika ulipo. Usipige, tunza chaji. Mama"

Haifiki herufi 130. Inamwondolea wasiwasi wa nyumbani, inampa njia fupi ya kujibu, inaomba mahali, na inamkataza kumaliza betri kwa kupiga. Itume kwa ujumbe wa kawaida na kwa WhatsApp, mara moja asubuhi yao na mara moja jioni yao, basi. Jamaica iko nyuma yetu kwa saa nane, visiwa vya mashariki kama Dominica, Grenada na Antigua kwa saa saba. Saa kumi na mbili asubuhi ya Jamaica ni saa nane mchana Mbeya.

Kwenye WhatsApp jifunze kusoma alama za tiki. Tiki moja maana yake ujumbe umefika kwenye mtambo wa kampuni, simu yake haijaupata. Tiki mbili maana yake simu yake imewaka na imepata intaneti, hata kama hajajibu. Ile tiki ya pili ni habari kubwa. Andika siku na saa ilipotokea. Ujumbe usiofika huhifadhiwa hadi siku 30, kwa hiyo tiki moja ya wiki mbili bado ina matumaini. Ukituma jumbe arobaini, siku simu yake ikiwaka zote zitamwagika kwa pamoja na kula chaji aliyoipata kwa shida.

Ukoo uchague mtu mmoja wa kuwasiliana naye. Mjomba wa Tunduma, shangazi wa Mafinga na binamu walioko Dar es Salaam wote wapewe habari na huyo mmoja, na atakachopata akiandike kwenye daftari: tarehe, saa, nani kasema, kasema nini. Daftari hilo ndilo utakalolifungua ofisini utakapoulizwa.

Akikaa kimya zaidi ya siku tano au sita

Sasa tafuta kwa watu waliomzunguka, ukianzia kwa walio karibu naye. Mwajiri, chuo, mwenye nyumba, mwenzake wa chumba. Chuo huwa na orodha ya wanafunzi na huihesabu upya baada ya kimbunga. Meli ya watalii huwa salama kuliko nchi kavu kwa sababu hukwepa njia ya kimbunga. Kampuni iliyomwajiri ndiyo inayojua iko bandari gani.

Njia ya kanisa ni ya kweli na inafanya kazi, hasa kwetu. Kanisa la Moraviani lina jimbo la Jamaica na Visiwa vya Cayman, na lina jimbo jingine la visiwa vya mashariki. Makanisa mengi ya Kimoraviani ya Jamaica yako St. Elizabeth, Manchester na Westmoreland, yaani upande ule ule ambako Melissa kilipita. Mwombe mchungaji wako aandike kupitia ofisi ya jimbo, Rungwe au Mbeya, barua fupi yenye jina, picha na mahali. Mchungaji wa kule anatembelea waumini wake kwa miguu na anajua nani kalala shule gani. Mkatoliki apite kwa paroko na ofisi ya Caritas ya jimbo lake. Jeshi la Wokovu nalo liko huku na makao yake ya Karibi yako Kingston.

Wakati huo huo nenda ofisi ya Msalaba Mwekundu ya mkoa wako uombe huduma ya kurejesha mawasiliano ya familia. Huduma hii ni bure; anayekudai pesa ya fomu si wao. Nenda na haya: majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, jina la baba na la mama, tarehe na mahali alipozaliwa, picha ya karibuni, anwani ya mwisho, namba za simu, siku na saa ya mawasiliano ya mwisho, na jina la mtu mwingine aliyekuwa naye. Ombi hupelekwa kwa Msalaba Mwekundu wa nchi husika. Kwa maafa makubwa, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hufungua ukurasa kwenye tovuti ya familylinks.icrc.org, ambapo mtu hujiandikisha kuwa yuko hai au hutaja anayemtafuta. Angalia majina kwa tahajia zote. Mwakyusa anaweza kuandikwa Mwakiusa na karani aliyesikia jina hilo kwa mara ya kwanza, na majina ya kwanza huandikwa mahali pa ukoo.

Jambo moja linalowaumiza watu bila kutarajia: Msalaba Mwekundu ukimpata, utamuuliza yeye kwanza kama anataka mahali alipo pajulikane. Akikubali ndipo unapoambiwa. Ndiyo kanuni yao ya kumlinda anayetafutwa, na haibadiliki kwa sababu wewe ni mzazi.

Jamaica hakuna ubalozi wetu. Ubalozi wa Tanzania ulio karibu uko Havana, Cuba. Piga au andika kupitia Wizara ya Mambo ya Nje, Dodoma, na uambatanishe nakala ya pasipoti yake kama unayo. Hapa ndipo unapojua thamani ya kuwa na picha ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti ya mtoto kwenye simu ya mama. Kama hujaiomba, iombe leo, msimu wa vimbunga ujao ukukute nayo. Aliyepoteza pasipoti majini achukue kwanza ripoti ya polisi wa huko, ndipo aombe hati ya dharura ya kusafiria.

Kwa habari za jumla sikiliza redio za huko kwa intaneti: RJR na Irie FM za Jamaica, DBS ya Dominica. Redio inayorushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa, kwa hiyo bando la megabaiti 500 linakutosha saa kumi na saba hivi. Video ingelimaliza kabla ya chakula cha jioni. Redio husoma majina ya barabara zilizofunguliwa, vituo vya maji, shule zinazolaza watu. Ofisi ya maafa ya Jamaica inajulikana kwa kifupi ODPEM, na shirika la pamoja la nchi za Karibi ni CDEMA, lenye makao Barbados. Ripoti za Umoja wa Mataifa za kila siku hukusanywa kwenye reliefweb.int. Picha za setilaiti zilizochorwa alama za nyumba zilizoharibika hutolewa bure na mpango wa Ulaya wa Copernicus, ila setilaiti inatazama kutoka juu: inaona paa lililong'oka, haioni ukuta uliopasuka wala maji yaliyoingia ndani.

Wenye redio za masafa mafupi zinazopokea mawimbi ya SSB (aina ya urushaji wa sauti unaotumiwa na wapenzi wa redio) wanaweza kusikiliza masafa ya megahezi 14.325, ambayo hutumiwa na wapenzi wa redio wanaofuatilia vimbunga vya Atlantiki. Jaribu jioni zetu, wakati kule jua bado liko juu. Sikiliza tu. Kurusha bila leseni ya TCRA ni kosa, na kuingilia masafa yale wakati wa dharura kunaweza kumziba mtu anayeomba msaada.

Video zinazokuja kwenye makundi

Melissa kilipokuwa kinakuja, video za papa wakiogelea kwenye bwawa la hoteli zilisambaa dunia nzima, nazo zilitengenezwa na kompyuta. Ukipokea video ya mji ulioangamia, tazama magari. Jamaica, Barbados, Grenada, Dominica, Antigua na St. Vincent huendesha kushoto kama sisi. Cuba, Haiti, Jamhuri ya Dominika na Puerto Rico huendesha kulia. Video inayodaiwa ni ya Jamaica huku magari yote yako kulia imetoka pengine. Sikiliza na lugha: Haiti wanaongea Kikrioli, Cuba Kihispania. Ukikosa uhakika, usiisambaze. Kuna mama wa mtu kwenye kundi hilo.

Pesa

Ulaghai wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" upo na huko, umevaa nguo nyingine: "Nimepoteza simu, hii namba yangu mpya, nitumie dola mia mbili nipate pa kulala." Kabla ya kutuma hata shilingi, mpigie kwa sauti, au muulize kitu ambacho hakipo Facebook: ng'ombe wa babu aliyekufa aliitwaje, nani alimfundisha darasa la tatu. Akikasirika kwa kuulizwa, subiri. Ndugu wa kweli aliyenyeshewa siku tano atafurahi kukumbuka ng'ombe.

Pesa hupelekwa kwa mawakala wa kimataifa kama Western Union au MoneyGram walioko kwenye mabenki. Mawakala hufuata herufi: jina la mpokeaji liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, si jina la nyumbani. Muulize kwanza kitambulisho gani kimebaki mkononi na tawi gani limefunguliwa, kwa sababu wakala asiye na umeme wala pesa taslimu hawezi kumlipa. Namba ya siri ya muamala mpe yeye peke yake, usiiweke kwenye kundi la ukoo.

Angalia sana neno dola. Jamaica ina dola yake, na dola moja ya Marekani ni zaidi ya dola 150 za Jamaica. Visiwa vya mashariki vinatumia dola ya Karibi Mashariki, ambayo ni 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Mtu akikuandikia "naomba dola 5,000", muulize za wapi kabla moyo haujasimama.

Ushauri wetu ni kugawa: tuma kidogo mapema kwa chakula, maji na chaji, kisha tuma kilicho kikubwa wiki ya nne au ya tano. Wiki ya kwanza maduka yamefungwa na misaada ya mashirika inaingia. Wiki ya tano kamera zimeondoka, na mtu bado analala chini ya turubai.

Kwa nini magunia yetu hayafiki

Sisi wa huku tukisikia msiba tunabeba. Gunia la mahindi, debe la maharage, viazi vya Isangati, blanketi. Ni desturi nzuri na haivuki bahari ile. Hakuna meli ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam. Mzigo hupitia bandari nyingine na kuhamishwa meli, na gharama yake hupita bei ya vilivyomo. Ukifika, unakuta bandari inapokea dawa na mabati, na kontena lako la nguo linakaa juani likisubiri ushuru na karatasi. Nguo zilizoingia unyevu huota ukungu, kisha mtu wa kujitolea anaacha kugawa maji ili azichambue na kuzitupa. Nguo za mitumba ndizo hasa wanazoomba wasitumiwe.

Wajamaica walioko ng'ambo hutuma mapipa ya vitu kutoka Miami, New York, Toronto na London. Njia hiyo ipo na imezoeleka. Kama una ndugu London, mtumie yeye pesa, ajaze pipa kwa orodha aliyoitoa mwenye shida mwenyewe.

Usharika ukitaka kuchanga, uchague jambo moja dogo linaloonekana, kwa mfano mabati ya nyumba ya mchungaji mmoja au madaftari ya shule moja. Wahesabu wawe watatu, mchango utangazwe wote ibadani, upite akaunti ya jimbo, na stakabadhi kutoka kule ibandikwe ubaoni. Anayetaka kuchangia serikali ya Jamaica moja kwa moja kwa ajili ya Melissa, tovuti iliyofunguliwa ni supportjamaica.gov.jm. Tazama mwisho wa anwani: tovuti za serikali yao huishia .gov.jm, na zile bandia hubadilisha hapo hapo.

Ya kumwandikia aliye huko, akishapatikana

Mawasiliano yakirudi, usiyamalize yote kwa pole. Mtumie haya, moja moja, kwa jumbe fupi.

Apige picha nyumba na vitu vilivyoharibika kabla ya kufagia, kisha aende kujiandikisha kwa wanaofanya tathmini katika parishi yake. Mgeni aliyepanga chumba husahaulika kwenye orodha ya kaya. Lazima ajitokeze mwenyewe na pasipoti.

Maji ayachemshe mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja. Asipokuwa na moto, atumie dawa ya kufulia nyeupe yenye klorini ya asilimia 5 hadi 6, isiyo na manukato: matone mawili kwa lita, akoroge, asubiri dakika 30. Maji yakiwa na tope ayachuje kwa kitambaa kwanza, na aongeze matone yawe manne.

Avae buti anapopita kwenye maji na matope. Kabla ya mwezi mmoja kuisha baada ya Melissa, Jamaica ilitangaza mlipuko wa ugonjwa ule ule tuliouita homa ya mgunda ulipotokea Lindi mwaka 2022. Vijidudu hutoka kwenye mkojo wa panya na huingia kwa mkwaruzo wa ngozi. Homa ya ghafla, maumivu ya misuli ya mashavu ya miguu, macho mekundu: aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme alipita kwenye maji ya mafuriko.

Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye dirisha au mlango. Moshi wake hauna dalili ya kuamsha mtu usingizini, na huua familia nzima baada ya kimbunga chenyewe kuwaacha hai.

Na turubai. Lile la Msalaba Mwekundu lina mita 4 kwa 6. Kosa la kawaida ni kufunika tundu peke yake, ukingo wa juu ukiishia chini ya kofia ya paa. Mvua inayofuata huteremka kutoka juu na kuingia chini ya turubai. Livushwe mgongo wa paa lishuke upande wa pili angalau mita moja. Usipige msumari kwenye turubai tupu, upepo utalichana kuanzia kwenye tundu la msumari. Ukingo uzungushwe kwenye ubao wa mbili kwa mbili mara moja au mbili, kisha misumari ipigwe kupitia ubao, kila baada ya sentimita 30 hivi. Liwe limekazwa, likilegea hukusanya maji katikati kama beseni na kuvunja fito.

Akishapatikana, rudi ofisi ya Msalaba Mwekundu ufute ombi lako ili wanaotafuta wasiendelee kumtafuta mtu aliyekwisha kuonekana. Mjulishe mchungaji na ubalozi. Kisha pitia makundi yote ulikoweka picha na namba yake, uziondoe, kwa sababu kwenye matangazo ya "anatafutwa" ndimo matapeli hupata jina la mama, la kijiji na namba ya kupiga.